"Since" kapigwa kosa, na kuuliza kwa Kiswahili marufuku. Mko upande gani?

Wakuu, mdogo wangu wa kidato cha pili karudi na daftari, swali liliuliza "Why was Juma late?" yeye kajibu "Since the bus broke down", kapigwa kosa, pembeni ikaandikwa "because". Kauliza kwa nini, ila kauliza kwa Kiswahili, basi akaambiwa kipindi cha Kiingereza Kiswahili hakiruhusiwi. Hapo ndo ninapogomba, wala sio maksi.

Kwenye kosa ticha yuko sahihi. Ila angeruhusu Kiswahili dakika mbili tu darasa zima lingeelewa. Umechelewa na daladala ya Mbagala, bosi anakuuliza kwa nini, ukimjibu "kwa vile gari liliharibika" halafu ukanyamaza, atakukodolea macho anasubiri umalizie, kwa vile liliharibika, haya, ikawaje? "Since" ndo hivyohivyo, inabeba sababu ambayo mnaijua tayari ili useme jambo lingine, mfano "Since you are here, help me". Anayeuliza "why" sababu haijui, mpe "because". "For" nayo ni kama "maana" yetu, nimebaki ndani maana mvua kubwa, ukiitanguliza inakataa (na kwenye maongezi wenyewe hawaitumii sana, utaikuta vitabuni). "As" ndo msumbufu, "As she was cooking, I left", niliondoka wakati anapika au kwa sababu anapika? Hapo hata Mwingereza anaweza kukwama.

Sasa mtoto msingi kasoma kwa Kiswahili, kafika sekondari karibu kila somo Kiingereza, halafu unamnyima hata hiyo ngazi ya kupandia.

*Mchangiaji:* Mkuu hapo sikubaliani na wewe. Mimi nafundisha tuisheni, ukiwazoesha kutafsiri wanakuletea "because of it rained", maana kichwani kwao zote ni "kwa sababu". Wasome Kiingereza kingi, sikio litawaambia lenyewe.

*Mleta mada:* Mwalimu wangu, hiyo nayo dawa yake ni Kiswahili hichohicho, weka "kwa sababu ya mvua" na "kwa sababu mvua imenyesha" ubaoni, hiyo "ya" ndo "of" yao. La sikio nakubali, ila darasani kwa dogo kitabu kimoja wanagawana wanne, nyumbani tunaongea Kiswahili, kwenye daladala Kiswahili, sasa hilo sikio lizoee wapi?