Mrejesho: bega la mhusika ninayemchonga kwenye Blender (programu ya kompyuta ya kuunda picha za 3D)

Wakuu, niliwauliza kama nianze kujifunza mifupa au misuli, kwa kuwa bega la mhusika wangu lilikuwa likibonyea kila anapoinua mkono. Wengi mlisema mifupa, nami nawashukuru. Kipimo cha mwili mzima kuwa na urefu wa vichwa 7 na nusu, ambacho katikati yake huangukia karibu na mfupa wa kinena, nilikizoea upesi. Kazi ilikuwa kwenye bega. Pale Soko la Majengo, Dodoma, niliwatazama wapakiaji wakiinua magunia, nikaona wazi kwamba mkono ukipanda juu ya usawa wa bega, mtulinga (mfupa wa mbele kati ya shingo na bega) nao huinuka na kombe la bega (mfupa bapa wa nyuma ya bega) huzunguka, ncha yake ya chini ikisogea kuelekea kwapani. Sasa naipanga mifupa hiyo kwanza, ndipo naongeza misuli. Vidole vya miguu, kusema kweli, bado navificha ndani ya viatu.