Betri za tochi ya mfukoni mnabadilisha baada ya muda gani?

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kwa wanaotembea na tochi kila siku.

Nafanya kazi zamu ya usiku. Kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani ni dakika 20 za giza, mtaro wazi pembeni. Tochi yangu ni ndogo ya LED, inatumia betri 2 za AA, alkali za kawaida. Tochi za zamani za balbu zilikuwa zinafifia taratibu, mwanga unageuka njano, unajua betri zinakwisha. Hii inawaka vizuri tu, kisha inazima ghafla. Juzi imeniachia palepale kwenye mtaro, nikatembea kwa kupapasa.

Seti ya kabla ya hapo niliisahau humo ikavuja, ule unga mweupe ukala springi.

Sasa mnabadilisha kwa kalenda, tuseme kila miezi 3, au mnapima? Betri mpya ilisoma volti 1.6 kwenye mita ya fundi, zilizozima, 1.1. Mnazitoa zikifika ngapi? Na zile za kuchaji za volti 1.2, zinafaa au zinajiishia zenyewe mfukoni?