Mtoto akitoka likizo kwa baba anarudi mkorofi: akatazwe kwenda?

Mwl_Mafinga: Wakuu, mwanafunzi wa darasa la tatu, mama yuko hapa Mafinga, baba Mbeya. Kila muhula ukianza anapiga wenzake na kujibu ovyo, kisha anatulia taratibu. Ndugu wa mama wanataka asiende tena. Ni sawa?

Ustawi_Iringa: Hapana, Mwalimu, msianzie huko. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mzazi asiyeishi na mtoto nafasi ya kuomba mahakamani haki ya kumwona.

Mwaka 2003 mtafiti wa familia Mark Feinberg aligawa malezi ya pamoja katika mambo manne: kukubaliana kuhusu malezi, kugawana majukumu, kuungana mkono au kuangushana, na namna ugomvi unavyomfikia mtoto. Hapo anza na mawili ya mwisho. Mtoto anayetumwa "mwambie baba yako ada haijafika" hupokea hasira za pande zote mbili. Kwa wakubwa hawezi kuzirudisha, basi zinaishia kwa wenzake darasani. Mambo ya fedha yamalizwe kwa simu, mzazi kwa mzazi. Na akishuka stendi asihojiwe ya huko.

Malezi_Uyole: Naongezea. Kanuni za pamoja ziwe tatu tu: saa ya kulala, kazi za shule kabla ya televisheni, hakuna kupiga mtu. Mengine kila nyumba ijiamulie. Anayevunja, televisheni inazimwa jioni hiyo, Mbeya na Mafinga vilevile. Akikataliwa mara nne akapewa ya tano, amejifunza kulia hadi ya tano. Ndiyo maana siku za mwanzo za kanuni mpya vurugu huzidi, na wazazi wengi hukata tamaa hapohapo. Bibi pia ashirikishwe, maana mara nyingi yeye ndiye anayelegeza.

Mwl_Mafinga: Shuleni nifanye nini?

Ustawi_Iringa: Andika tarehe, kilichotangulia, alichofanya, na alichopata baada ya hapo. Wiki tatu zinatosha kuonyesha mwelekeo. Usimlaumu mzazi haraka: mtoto msumbufu naye huwagombanisha wazazi.

Dada_Njombe: Hayo yote ni pale pasipo na kipigo. Ukiona alama mwilini, au mtoto anatetemeka siku ya safari inapokaribia, achaneni na vikao vya kupatanisha. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure.