Tupeane uzoefu: peji ya huduma moja inayoleta wateja wa dizaini (Kigoma na Tabora)

MwanaKibirizi
Mwakeye wadau. Uzi huu ni wa wanaofanya dizaini kwa kujitegemea huku kwetu magharibi. Mteja akiuliza "nione kazi zako", wengi wanamrushia linki ya Instagram. Chukua mama anayefungasha mawese Ujiji: akifungua anakuta kadi za harusi, mabango ya mkutano wa injili, jezi za mtaani. Cha kwake hakioni, anatoka.

Dawa ni peji maalumu: ukurasa mmoja, huduma moja, mteja wa aina moja, kitufe kimoja. Haina menyu wala "Kuhusu Sisi". Ukiwa na huduma tatu, tengeneza peji tatu.

Kichwa cha juu kibebe kazi yenyewe. "Huduma bora za ubunifu" haimgusi mtu. "Lebo ya chupa ya mawese, faili tayari kwa kuchapwa, siku 5" inamgusa mwenye mawese hata kama hajui neno dizaini. Chini yake weka picha moja kubwa ya chupa halisi yenye lebo, iliyopigwa mchana kwenye mwanga wa kivuli. Chupa zilizochorwa kwa kompyuta zinang'aa, ila mfanyabiashara hazimshawishi. Anataka kuona lebo ikikaa kwenye chupa kama ile anayoinunua yeye.

Mwenye uzoefu ashushe.

Isevya_Rangi
Kwa Tabora anza na asali, na peji ionyeshe kwamba unaijua asali yenyewe. Kosa linalojirudia kwenye lebo ni kuchanganya ujazo na uzito. Asali ni nzito kuliko maji, karibu mara 1.4, kwa hiyo chupa ya nusu lita ikijaa ina karibu gramu 700. Mtu anaandika "500 g" kwa sababu chupa aliiomba kwa jina la nusu lita. Kwenye mawese inageuka: nusu lita ni karibu gramu 450. Ukiweka maelezo hayo mafupi kwenye peji, pamoja na picha ya chupa ikiwa juu ya mizani, umeshajitenga na mtu anayepamba tu.

Halafu orodhesha mteja atakachopaswa kuleta ili lebo ikamilike: jina la bidhaa, uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, namba ya toleo (batch), tarehe ya kuzalishwa na ya mwisho wa matumizi. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) haiwekwi kabla mteja hajapata leseni ya kuitumia. Liandike wazi kwenye peji. Wapo watakaokuomba "uiweke tu", na ni heri wajue msimamo wako kabla hawajalipa. Msimbo mlia (barcode) nao ni hivyo hivyo: namba anaitafuta mwenye bidhaa, dizaina hatungi tarakimu.

Kwenye mawese ongeza suala la karatasi. Lebo ya karatasi ya kawaida inanyonya mafuta, wiki haiishi ina madoa na pembe zimebanduka. Shauri stika ya plastiki. Picha mbili bega kwa bega, iliyoloa na iliyo safi, zinatosha; maneno yawe machache.

Gungu4
Naongezea uzito wa peji maana hapo ndipo wengi wanapoanguka. Mteja yuko gulioni Kasulu, mtandao unasuasua, bando ni la kupima. Picha ikitoka kwenye kamera ina MB 4 hadi 8. Ipunguze upana uwe pikseli 1200, ihifadhi kwa WebP au JPEG, ishuke chini ya KB 150. Peji nzima ikae chini ya MB 1. Usiweke video inayojichezea yenyewe, wala picha tano zinazopokezana juu: ya pili haionwi na mtu, lakini zote zinamla bando.

Kuna ujanja wa kuchelewesha picha zipakuliwe mtu anaposhuka chini. Utumie kwa picha za chini tu. Ukiutumia kwa ile ya juu kabisa, mteja anaangalia weupe.

Jaribu kwa simu ya bei nafuu, juani. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe yanapotea. Kitufe kiwe na kimo cha pikseli 48 au zaidi, kidole gumba kikipate bila kulenga.

Cheyo_Mpya
Wakuu, bei tuweke au tuiache?

Isevya_Rangi
Weka "kuanzia", halafu eleza inabeba nini: lebo moja, masahihisho mawili, faili la PDF la kuchapia na picha ya kurusha WhatsApp. Andika kwa herufi nene: "Bei hii ni ya dizaini. Uchapaji unalipwa kando." Usipoandika, mteja atadhani amelipia na stika 500, na ugomvi utazukia siku ya kukabidhi. Nusu ilipwe kabla ya kuanza.

MwanaKibirizi
Mimi kwenye mabango makubwa siafiki kuweka bei. Kipimo na mahali pa kulifunga vinabadilisha kila kitu. Kwa lebo, sawa kabisa.

Malagarasi_Dz
Kitufe kiende WhatsApp, achaneni na fomu ndefu. Linki inaandikwa wa.me/2557XXXXXXXX, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Ukiandika 25507 linki haifunguki, na hutajua kwa sababu wewe hubonyezi kitufe chako mwenyewe. Mwishoni mwake ongeza ?text= na ujumbe ulioandikwa tayari, nafasi kati ya maneno ikiwa %20: "Habari, nahitaji lebo. Bidhaa: … Ujazo: … Naihitaji tarehe: …" Mteja anajaza mapengo, nawe unajibu kwa makadirio badala ya kuanza "habari yako, nikusaidie nini".

Kila peji iwe na ujumbe wake. Ukiona "lebo ya asali" unajua katokea peji gani, huhitaji programu ya kuhesabu.

Linki ya peji ikirushwa kwenye magrupu ya WhatsApp inatakiwa itokee na picha. Andaa picha ya 1200 kwa 630, nyepesi, chini ya KB 300, na anwani yake kwenye HTML ya peji ianze na https kamili. Ukibadilisha picha na ya zamani ikaendelea kuonekana, rusha linki ikiwa na ?v=2 mwishoni.

Kwa karatasi na stika za dukani tumia msimbo wa QR wenye anwani yako moja kwa moja ndani yake. Baadhi ya misimbo ya bure inapitia tovuti ya mtu mwingine, na muda wa majaribio ukiisha msimbo unakufa wakati stika zimeshabandikwa. Usishuke chini ya sentimita 2 kwa 2, acha ukingo mweupe pande zote, na uskani nakala iliyochapwa kabla ya kuchapa zote.

Gungu4
Malagarasi umegusa penyewe. Anayeng'ang'ania fomu akumbuke kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Jina, simu na bidhaa vinatosha. Kitambulisho cha NIDA unakiombea nini kwa kazi ya lebo?

Na jina la tovuti lisajiliwe kwa barua pepe yako wewe, si ya kijana aliyekusaidia kuijenga. Linalipiwa upya kila mwaka na ukumbusho unakwenda kwenye barua pepe hiyo. Likipita muda, peji inazimika na msimbo wako wa QR ulioko kwenye stika zote za dukani unafungua ukurasa wa makosa.