Wanawake kwenye teknolojia ya usafiri wa mijini: viti maalumu au mbeleko?

Mleta mada:
Wakuu, naileta hii nikijua nitarushiwa mawe. Nina miaka tisa naandika programu za usafiri wa umma: ratiba, nauli, hesabu za abiria. Kwenye vikao vya fani yetu kuna pendekezo linarudi kila mara, kwamba timu yoyote inayosanifu mifumo ya usafiri wa mijini itenge nafasi za wanawake, ikibidi kwa sharti. Wanaopinga wanasema huko ni kubebwa kwa mbeleko. Nilikuwa mmoja wao. Nimehama, na kilichonihamisha ni kanuni moja tu ya nauli.

Kanuni ilikuwa hivi: abiria akishuka, kisha akapanda basi jingine kabla ya dakika 30 kuisha, anahesabiwa anaunganisha. Ni safari moja, nauli moja. Zikipita 30, safari mpya na nauli mpya. Siku moja napekua mistari ya kadi moja, haina jina, ni namba tu. Kashuka saa 1:10 asubuhi, kapanda tena 1:44, kituo kilekile. Jioni kinyume chake, pengo la dakika 38. Kesho yake vilevile, kesho kutwa vilevile. Nikafungua ramani: kituo kiko mbele ya chekechea.

Huyo mtu ana safari mbili kwa siku, kwenda kazini na kurudi, na katikati ana mtoto wa kushusha na kuchukua. Mfumo unamtoza mara nne. Kibaya zaidi, ripoti inayokwenda kwa wapangaji inaonyesha safari nne fupifupi zisizohusiana, kwa hiyo njia anayoihitaji haimo kabisa kwenye hesabu zao. Kisha tunashangaa mbona watu wakipata uwezo kidogo wananunua gari, na sisi tumewaletea mabasi ya umeme yasiyotoa moshi!

Data ile tulikuwa nayo miaka mitatu. Timu ya watu kumi na mmoja, mwanamke mimi peke yangu. Na niseme ukweli, hata mimi sikuiona mpaka nilipoanza kumpeleka wangu.

Safari za namna hii zina jina siku hizi. Msanifu majengo wa Hispania, Inés Sánchez de Madariaga, ndiye aliyelianzisha. Kwa Kiswahili tuseme usafiri wa malezi. Hoja yake ni kwamba madodoso ya kawaida yanazitawanya safari hizi kwenye "manunuzi", "matembezi" na "mengineyo", mpaka zinaonekana hazipo.

Haya, sharti liwepo au lisiwepo?

Mchangiaji wa kwanza:
Dada, umejifunga goli mwenyewe. Umesema hata wewe hukuiona mpaka ulipopata mtoto. Basi kiti apewe mlezi. Mimi ni baba, nawapeleka wawili kila asubuhi, na hiyo kanuni yako ningeiona siku ya kwanza. Binti wa miaka 24 anayeishi hatua chache kutoka ofisini ataiona kwa lipi?

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni mwanamke, ni mhandisi, na sitaki kiti maalumu cha mtu. Mkitenga nafasi, kila nikifungua mdomo kikaoni watu watajiuliza niliingia kwa mlango upi.

Bibiana McHugh hakutengewa kitu. Alikuwa meneja wa teknolojia katika TriMet, shirika la usafiri la Portland, Marekani. Akiwa safarini aliona maelekezo ya kuendesha gari yanapatikana upesi, ya kupanda basi ni kuhangaika. Akawafuata Google. Desemba 2005 kipangaji safari chao kikaanza na Portland, na muundo wa data uliotokana na kazi ile, GTFS, ndio unaobeba ratiba za mabasi na treni za miji mingi duniani hadi leo. Kinachochekesha ni kwamba ndani yake hamna maajabu, ni mafaili ya maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato: vituo, njia, saa. Mtu aliona tatizo, akalifanyia kazi.

Mchangiaji wa tatu:
Mdogo wangu, McHugh alikuwa tayari ndani, tena meneja. Tunaongelea mlango, unatupa mfano wa aliyekwisha keti. Katika Umoja wa Ulaya wanawake ni kama asilimia 22 tu ya wafanyakazi wa sekta ya usafiri. Hao 22 wakitoa McHugh mmoja, piga hesabu wangekuwa 40.

Na msitegemee mtu mmoja mwenye jicho kali. Pale Vienna, Eva Kail na wenzake walianza mwaka 1991 na maonyesho ya picha za maisha ya kila siku ya wanawake mjini. Jiji likaanzisha ofisi ya kushughulikia mambo hayo, ikapewa watu na mamlaka, ndipo njia za miguu zikapanuliwa na taa zikaongezwa. Picha peke yake isingemwaga zege.

Mchangiaji wa nne:
Sipingi, ila tupunguze matarajio. Norwei kwa sheria ya 2003 iliyataka makampuni makubwa ya hisa yawe na asilimia 40 ya kila jinsia kwenye bodi, na kufikia 2008 yalitimiza. Watafiti waliofuatilia baadaye hawakuona wanawake wa ngazi za chini kwenye makampuni hayohayo wakinufaika kwa kiasi cha maana. Kiti cha juu hakimwagiki chini chenyewe.

Mleta mada:
Nimesoma wote. Baba wa wawili, goli nimekubali. Ila nikuulize: kwenye timu yetu wanaume wenye watoto walikuwa sita. Hakuna aliyewapeleka. Mwanamume mwenye kushusha watoto akipatikana, aje, nitamsogezea kiti mwenyewe. Hadi hapo nabahatisha kwa wanawake, ndiko kwenye uwezekano mkubwa wa kumpata mlezi.

Mchangiaji wa nne umenigusa kwa sababu nyingine. Vifaa vya kusoma kadi hujaribiwa mabasi yakilala, saa sita usiku hadi kumi alfajiri, karakana. Pale nilipofanyia zamani choo kilikuwa kimoja, kitasa kibovu, na ukitoka ni giza mpaka getini. Siku ya zamu nilikuwa naacha kunywa maji tangu saa tatu usiku. Kabla yangu waliondoka wanawake wawili, na fomu zao zote mbili ziliandikwa "sababu binafsi". Asiyefanya zamu ya karakana hapandishwi cheo, na asiye na cheo haandiki kanuni za nauli, anazitekeleza tu. Ungetuwekea sharti la asilimia 40 pale, tungejaza mwezi Januari na kubaki wawili Desemba.

Kwa hiyo bado nataka sharti, lakini liende na kitasa cha choo na taa ya getini, na mwenye kiti awe na haki ya kuandika kanuni. Dada usiyetaka kiti nakuheshimu, ila mimi mlango nilioingilia ulikuwa wazi kwa sababu tu aliyeahidiwa nafasi ile hakutokea.

Kanuni yenyewe sasa ni dakika 90. Idara ya mapato wameshaandika barua mbili wakitaka maelezo, ya pili imekuja jana.