Drili ya nyundo ya zamani inazunguka ila haigongi, spea nitatoa wapi?

Msumari_Butu
Wakuu habari zenu. Nina drili ya nyundo ya zamani ya SDS-Plus (ile biti unaichomeka tu inajifunga), niliachiwa na marehemu baba mdogo. Mota inalia fresh, biti inazunguka, ila kugonga hamna, ukiikandamiza kwenye zege ni kama unasugua sufuria tu. Wakala kaniambia hiyo modeli spea zake hazitoki tena, fundi naye kasema amecha, ile sehemu ya mota yenye nyaya inayozunguka, imekufa. Niipiganie au niitupe?

GrisiNyeusi
Amecha ikifa mkuu utaona cheche nyingi, harufu ya kuungua, au haizunguki kabisa. Yako inazunguka, kwa hiyo huyo fundi mwache kwanza. Cheki kile kitufe cha kuchagua kazi kisiwe kimekaa nusu nusu, kama kiko sawa basi hewa inavuja ndani. Iko hivi, kuna pistoni inasukumwa mbele na nyuma, halafu mbele yake kuna chuma kizito ndicho kinachogonga, na hivyo viwili havigusani, katikati ni hewa tu inayobanwa. Kile chuma kimevaa oringi, yaani pete ya mpira, sasa oringi ikikauka hewa inapita pembeni na chuma kinabaki kimelala. Fungua, ila piga picha kila hatua maana baadaye utajilaumu.

venia_mkononi
Naongezea kwenye spea. Usiende kuulizia "oringi ya drili fulani", utaambiwa haipo mpaka uzeeke. Pima mfereji inapokaa, usipime oringi yenyewe maana ya zamani imeshabonyea inakudanganya, chukua ya Viton inavumilia joto kuliko mpira wa kawaida. Beringi nazo zina namba ubavuni, mfano 608 ni tundu milimita 8, nje 22, unene 7, hiyo ni ile ile hata utoe kwenye skuta ya kusukuma kwa mguu. Kaboni, zile zinazopeleka umeme kwenye amecha, ukipata kubwa kidogo unaisugua kwenye msasa mpaka iingie bila kubana. Kinachotesa kweli ni silinda na ile beringi inayoyumba (ndiyo inasukuma pistoni mbele na nyuma), hapo tafuta mzoga wa modeli hiyo hiyo.

Msumari_Butu
Nimerudi. Oringi ilikuwa ngumu kama plastiki, nimeinyanyua na ncha ya bisibisi ikakatika vipande viwili, na grisi imekuwa nyeusi inavutika kama asali. Nimeosha na mafuta ya taa nikaacha ikauke, oringi mpya nimepata kwa vipimo. Tatizo kuna kagololi kalikaa kwenye mdomo unaposhika biti, kamenirukia chini ya kabati, masaa mawili nimelala kifudifudi na tochi. Grisi nijaze kiasi gani?

GrisiNyeusi
Usijaze!! Mimi ya kwangu niliishindilia mpaka juu nikijua naisaidia, ikachemka ikatema grisi mdomoni na kugonga ikawa kwa kubahatisha. Kwenye gia weka ya kutosha, ndani ya silinda paka utando mwembamba tu na kidole. Na bila kagololi usiiwashe, biti itachomoka.

Msumari_Butu
Kagololi kalikuwa ndani ya kandambili yangu. Nimefunga, sekunde za kwanza ilizunguka tu nikakata tamaa, kisha ikashtuka ta-ta-ta mpaka mtoto akaamka. Sasa kuna vyuma viwili vyembamba vya duara vimebaki mezani, kwenye picha zangu sivioni popote.

venia_mkononi
Izime kwanza mkuu, weka hizo picha hapa.