Naomba ushauri: kutoka kolekole wa Watamu hadi besi wa Ziwa Naivasha

Wavuvi wenzangu, salamu. Nimekulia Watamu nikivua kwa mshipi: kolekole, tewa, na nguru msimu wa kaskazi. Sasa kazi imenihamishia Naivasha, na ziwa liko karibu na nyumba. Nataka kumvua besi, yule mwenye mdomo mpana aliyeletwa hapa kutoka Marekani mwaka 1929.

Vifaa vyangu ni vya bahari: mshipi mnene, ndoana kubwa, chubwi nzito. Naona vimezidi kwa samaki anayejificha kwenye mafunjo na magugu maji akivizia. Je, mshipi unaohimili uzito wa kilo 5 unatosha kumtoa humo bila kukatika? Chambo nacho kinanitatiza. Najua anawapenda kamba wekundu wa Louisiana walioko ziwani. Nitumie kamba bandia wa mpira, au kijiko, yaani chambo bandia cha chuma kinachong'aa? Baharini nilifuata maji kupwa na kujaa. Hapa hakuna bamvua wala maji mafu, basi anakula saa ngapi? Alfajiri?

Na viboko, jamani! Natamani kuvulia ukingoni lakini nawaogopa kwa dhati. Wenyeji, mnasimama wapi, au ni lazima nikodi mashua?